Mama Pasi Apimwa Kinanda

Mama Pasi alikuwa anamalizia kola ya shati la mwisho, mkono wa kulia unasukuma pasi, vidole vya kushoto vinachezacheza ukingoni mwa meza. Wenzake pale kwa dobi walishaizoea tabia hiyo. Mwanzoni walidhani ana ganzi.

"Jumapili tena unanikimbia," alisema bosi wake, akipuliza mkaa. Tangu umeme upande bei alikuwa amezirudisha pasi za mkaa, kisha mkaa nao ukapanda, kwa hiyo sasa alilalamikia vyote viwili.

"Sikukimbii, bosi. Mzigo wa leo nimeumaliza wote. Nimekuja kabla hata hujafungua."

"Na huko kanisani kuna nini cha haraka hivyo?"

"Napimwa."

"Kanisani kuna mtihani? Mimi nilidhani watu huenda kupumzika."

"Mimi huenda kufanya kazi kama hapa. Ila kule siunguzi nguo za watu."

Bosi alicheka bila kutaka, akamruhusu kwa mkono. Mama Pasi alinawa masizi, akavaa gauni lake la bluu alilolipiga pasi mwenyewe, na hapo ndipo unapojua mtu amejipanga. Hakuwa na wasiwasi. Nyimbo za leo alikuwa anazijua mpaka zinamtoka usingizini.

Kwa karibu mwaka mzima alikuwa kwenye darasa la wanamuziki wa kanisa. Dayosisi ilikuwa imemtuma mwalimu mmoja mstaafu, mama mwembamba mwenye sauti nene, aje kufundisha watu wa kuongoza nyimbo za ibada. Walianza wengi. Wengine walidhani watafundishwa kupiga miziki ya harusi, na walipoona kila siku ni liturujia na nyimbo za kitabuni, wakaaga kwa heshima. Wengine walishindwa nauli. Akabaki Mama Pasi.

"Ibada yetu sisi Walutheri huimbwa na watu wote," mwalimu alizoea kusema. "Mchungaji anaimba pake, watu wanaitikia pao. Wewe uliyekaa kwenye kinanda si bwana harusi, hatukuja kukutazama. Toa utangulizi, kisha vuta pumzi nao. Ukivuta pumzi peke yako, utaimba peke yako."

Maneno matamu. Shida ilikuwa kinanda. Usharika ulikuwa na kimoja tu, na kilikuwa chini ya mzee wa kanisa ambaye watu walimwita Mzee Kufuli, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Sheria yake ilikuwa moja: mwenye cheti anafanya mazoezi siku yoyote, asiye na cheti atakigusa siku ya somo tu, tena yeye akiwa amesimama pembeni. Kwaya ya vijana ilikuwa na ruhusa kwa kuwa mpigaji wao alikuwa mwanawe.

"Hizo nyeupe na nyeusi tu," alikuwa akimwambia Mama Pasi. "Vitufe vya juu achana navyo. Kikiharibika utakilipa kwa pasi?"

Kwa hiyo mwalimu alimchorea kinanda kwenye ubao, vibao vyeupe na vyeusi kwa vipimo vyake kamili. Mama Pasi akawa anafanya mazoezi nyumbani kwenye ubao usiotoa sauti, anaimba mwenyewe kile ambacho vidole vingepaswa kutoa. Mumewe alikuwa akimtania kwamba ameoa mke anayechapa barua zisizofika. Akifaulu leo, ubao basi. Atapata cheti, na siku yoyote atakayo atakaa kwenye kinanda chenyewe. Akishindwa, ni mwaka mwingine wa kugonga mbao.

Mkaguzi wa dayosisi alikuwa amekaa benchi la mbele, mwanaume mtanashati mwenye kalamu mbili mfukoni. Mwalimu alikaa nyuma yake. Mzee Kufuli alikiwasha kinanda kwa mkono wake, akasogea hatua moja tu.

Mama Pasi alipiga utangulizi. Vidole vilikwenda vyenyewe, vimenyooka, bila hata kigugumizi. Alivuta pumzi, watu wakavuta, wakaanza.

Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili wazee wa upande wa besi wakaanza kukunja nyuso. Wa tatu, pale wimbo unapopanda, sauti zikakatika moja baada ya nyingine kama taa za mtaa, wakabaki akina mama watatu wakipiga kelele ya kusikitisha. Mama Pasi naye koo lilimkaba. Pale yeye hufika bila kujikamua! Akatazama vidole vyake. Vilikuwa mahali pake. Kosa halikuwa kwenye vidole.

Jana jioni kwaya ya vijana walikuwa wamekipandisha kinanda kwa kitufe kinachoinua noti zote, ili kiendane na soprano wao mwenye sauti ya filimbi, wakakiacha hivyo hivyo. Mpiga kinanda yeyote aliyezoea angekitazama kitufe hicho kabla hata ya kukaa. Mama Pasi hakujua kama kipo. Angejulia wapi?

Alifanya jambo moja. Aliondoa mikono kwenye kinanda, akasimama, akawageukia watu.

"Jamani, tumeanza juu," alisema wazi, bila kujitetea. "Tushuke. Nifuateni."

Akatoa sauti ya chini, akainua mkono, akavuta pumzi mpaka waliokaa nyuma wakaisikia. Kanisa zima likavuta. Wimbo ukaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Besi wakapata kazi, akina mama wakapumua, na beti zote zilizobaki ziliimbwa na watu walioamka kweli. Liturujia yote aliiongoza hivyo kwa sauti, mchungaji akiimba, watu wakiitikia bila kuyumba. Zilipofika nyimbo za mahubiri mwalimu alikuwa ameshanong'ona jambo kwa Mzee Kufuli kwa jicho kali, kitufe kikarudishwa, na Mama Pasi akapiga zilizobaki kwa kinanda, safi kabisa.

Baada ya ibada waliitana chumba cha mchungaji. Mama Pasi aliingia akitabasamu. Alijua alichokifanya.

"Sauti nzuri sana," alisema mkaguzi. "Uongozi mzuri. Ila kipimo chetu ni kinanda. Kwenye wimbo wa kwanza ulikiacha, na liturujia hukuipiga. Siwezi kukupa. Uje mwakani."

"Kinanda kilikuwa kimepandishwa!" mwalimu aling'aka. "Na huyu hajawahi kuruhusiwa hata kugusa kitufe."

"Mwalimu, mimi napima nilichokisikia. Sababu hazina sehemu ya kuandikwa."

Mzee Kufuli alitazama dari. Mchungaji alitazama saa, maana nje watu wa ibada ya pili walishaanza kujaa, na mpiga kinanda pekee mwenye cheti alikuwa amehamia mji mwingine tangu mavuno yaliyopita.

Mama Pasi alihisi machozi ya hasira, akayameza. Iliuma, jamani, isisemwe haikuuma.

"Mama," mchungaji alianza, sauti imelainika, "kwa ibada hii ya pili utatusaidia?"

"Nani, mimi niliyeshindwa?"

"Hatuna mwingine. Yule wa kwaya ya vijana hajui liturujia."

Mkaguzi akajifanya anatafuta kalamu. Mama Pasi alinyoosha gauni lake.

"Nitaongoza. Lakini na wewe, baba mchungaji, kabla ya wimbo wa kwanza uwaambie watu ukweli. Waambie anayewaongoza leo amepimwa, akaonekana hafai."

"Mama, hilo mbona..."

"Kama ni kweli humu chumbani, ni kweli na kule mbele."

Kengele ililia. Mchungaji alisimama mbele ya watu, akakohoa mara mbili, akasema: ndugu zetu, mama huyu amepimwa asubuhi hii na dayosisi, na kwa bahati mbaya hakufaulu, lakini ndiye atakayetuongoza. Bibi mmoja asiyesikia vizuri, anayekaa mbele kwa ajili hiyo, akamgusa jirani yake.

"Amesemaje?"

"Anasema huyu mama amefeli."

"Amefeli?" Bibi alisema kwa sauti ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe, kanisa zima likasikia. "Sasa waliofaulu wako wapi?"

Mchungaji aliinamisha kichwa kwenye kitabu chake. Mkaguzi, aliyekuwa amefika mlangoni akiondoka, alisimama hapo hapo bila kujua atoke au akae. Mama Pasi alitoa utangulizi, akavuta pumzi, na watu wote wakavuta pamoja naye.