Bika ya Babu Subiri

Mkuu wa kituo cha maji alishaandika barua ya kukifunga kisima, imebaki sahihi tu. Tangu Jumatatu amoniamu, dalili ya maji machafu, ilikuwa inazidi kiwango.

"Mama, pima mara ya mwisho," alimwambia mpimaji. "Ikizidi tena, saa sita tunakifunga moja kwa moja."

Kukifunga! Kisima alichokihangaikia Babu Subiri miaka ishirini, na yeye mwenyewe wamemzika Jumamosi tu! Mzee huyo ndiye aliyemfundisha mpimaji kazi, na jina la Subiri alibandikwa kituoni kwa sababu neno lake lilikuwa hilo hilo. Unachovya kihisi cha kupimia majini, namba zinacheza, mkono unakuwasha uandike. "Subiri, mwanangu. Namba haijakaa kitako." Na ole wako ufute ncha ya kihisi kwa kitambaa! Ungesemwa mpaka chai ipoe.

Alimimina maji ya kisima kwenye bika, gilasi ya kupimia iliyokuwa mezani. Akachovya kihisi cha kupima uchachu, akaandika. Akakitoa, akachovya cha amoniamu katika maji yale yale. Namba ikapanda, ikapanda, ikakaa huko huko juu. Jamani! Machozi yakamlengalenga.

Akafungua kabati kutafuta kitambaa ajifute, na humo ikamtazama bika ya marehemu. Aliificha baada ya mazishi, hakutaka mtu aiguse. Ubavuni mzee alikuwa ameandika kwa wino: AMONIAMU PEKE YAKE. Wino ulitoka kila bika ilipooshwa, naye aliurudia bila kuchoka.

Loo! Mpimaji akajipiga paji la uso. Mwaka wake wa kwanza alifanya kosa hili hili, mzee akacheka mpaka akakohoa. "Kihisi cha uchachu kinavuja chumvi ya potasiamu, mwanangu. Na hiki cha amoniamu hakijui kutofautisha, kikiiona potasiamu kinaihesabu nayo. Kila kimoja na bika yake!" Ndiyo maana zilikuwa mbili. Yeye kwa mapenzi yake kaifungia moja kabatini, na sasa mapenzi hayo yanataka kuua kisima cha mzee.

Lakini bika ilikuwa na ukoko wa maji ya mwisho aliyopima mzee. Bila kuoshwa haifai, na ikioshwa mwandiko unakwenda. Alisimama nayo kwenye sinki, moyo unamuuma kwelikweli. Kisha akafungua bomba. Wino ukachuruzika vidoleni mwake.

Akamimina maji mapya, akachovya kihisi cha amoniamu peke yake. Namba zikacheza. Mkuu akachungulia mlangoni, kalamu mkononi.

"Vipi, mama?"

"Subiri," akamjibu.

Namba ikashuka, ikakaa kitako, chini kabisa ya kiwango. Alipomweleza kosa lake, mkuu aliguna, akaichana barua.

"Hebu niazime hiyo kalamu," mpimaji akasema. Akaikausha bika, akaandika ubavuni maneno yale yale, kwa mwandiko wake mwenyewe, huku analia.