Nne Bila Turufu

Mkwe wangu ana adabu, na adabu yake nusura inipandishe presha.

Mwenzangu wa kucheza karata za briji alikuwa marehemu mume wangu. Alipofariki, kiti cha mbele yangu kikabaki kitupu, na pale klabu asiye na mwenzake hachezi. Nikambeba mume wa kitinda mimba wangu. Ni fundi wa lifti, mpole, anaongea na mashine kuliko binadamu. Yeye na binti yangu wanaishi kwangu, chumba cha juu. Nilikuwa nimesikia fununu, nikawa namuuliza mkwe wangu kila asubuhi, "Mwanangu, mnahama au hamhami?" Naye kila asubuhi, "Tutaona, Mama." Mimi ni mkunga mstaafu. Nikimuuliza mtu uchungu umeanza lini, sitaki kuambiwa tutaona. Wakiondoka wale, nyumbani nitabaki mimi na saa ya ukutani.

Basi Jumamosi tukapanda kwenye ukumbi wetu, juu ya duka la rangi, harufu ya tapentaini ikitufuata ngazi nzima. Nikafungua mnada wa karata kwa kopa moja. Akaniunga mkono, kopa tatu. Nilikuwa nimeshika karata za kuota ndotoni. Nikasema, "Nne bila turufu."

Mcheza briji yeyote anajua kwamba hapo huombi kucheza bila turufu. Unamuuliza mwenzako: una ree, zile karata kubwa za A, ngapi? Nilimfundisha jikoni tukimenya viazi. Pau tano, huna hata moja. Uru tano, unayo moja. Kopa tano, unazo mbili. Alikariri vizuri kabisa.

Akanitazama, akainamisha kichwa, akasema, "Pasi."

Pasi! Yaani mnada umeishia hapo, tucheze bila turufu kweli. Alipolaza karata zake mezani, ree mbili zikawa zinanitazama. Kopa ingekuwa turufu, tungekula mikono kumi na miwili bila jasho. Sasa wapinzani wakatoa pau, wakala, wakatoa pau tena, wakala tena, nami natupa karata nzuri moja baada ya nyingine. Mstaafu wa posta aliyekaa kushoto kwangu alikuwa akicheka mabega yakimtikisika. "Pole, bibie," akasema.

Nikamtoa mkwe wangu nje, kwenye ngazi.

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Mama, ulishasema nne. Mimi ni nani nipande juu yako?"

"Nilikuwa nauliza!"

"Nilijua. Ila nikaona nikiongeza nitakukosea heshima."

"Heshima gani ya kunizika mzima mzima? Baba wee, mficha uchi hazai! Nikikuuliza, nijibu ulicho nacho. Kama ni hapana, nipe hapana yangu nijue pa kuanzia. Kinachoniua mimi ni kimya."

"Sawa, Mama. Nimeelewa."

Mchezo wa mwisho akafungua yeye, shupaza moja. Mimi nimejaa, nina ree mbili na wafalme wao. Nikamkazia macho nikasema, "Nne bila turufu." Jasho likamtoka mtoto wa watu.

"Pau tano."

Hana hata moja! Nilitaka kulia. Karata nzuri namna ile, na ree mbili ziko kwa maadui. Nikasaga meno, nikaishia shupaza tano. Tukala mikono kumi na mmoja, hakuna wa kumi na mbili. Lakini karata zilezile huzungushwa meza hadi meza, na waliotutangulia wote walikimbilia sita, yaani mikono kumi na miwili, wakaanguka, mstaafu wa posta akiwa mmoja wao. Tukawa wa kwanza. Yule mzee hakucheka tena.

Tulipokuwa tunateremka, nilimshika mkono kwa furaha. "Umeona? Hapana yako imetuokoa."

Akasimama palepale nilipomkaripia mchana.

"Mama, tunahama. Tumepata nyumba karibu na kazini kwa binti yako. Mwisho wa mwezi."

Nilifungua mdomo nimpe yake. Maneno yalikuwepo, tena makali. Lakini mimi ndiye niliyelitaka jibu, nikalililia, nikampigia kelele mkwe wa watu kwenye ngazi hizi hizi.

"Haya, umenijibu," nikasema. Nikashika ukuta. "Na Jumamosi ijayo? Utakuja tucheze?"

"Nitakuja, Mama."

Nikasubiri aongeze tutaona. Hakuongeza.