Mchele wa Alhamisi

Dada Tausi alinipigia Jumapili, nimetoka kanisani hata viatu sijavua. Akasema mama yake, Bi Kijakazi, presha imempanda, yuko kwake yeye Tausi, Butiama, na tangu juzi ananiulizia. "Njoo umuone, Wankyo." Basi. Hakusema njoo na kitu. Nalisema hili mapema, maana yote yaliyofuata niliyazua mwenyewe.

Mimi naoka keki nyumbani, hapa Buhare. Keki za harusi, za kipaimara, za sendofu, ghorofa tatu na krimu mpaka chini. Watu wakizila wananisifia, na mimi sifa napenda, sikatai. Lakini kuoka alinifundisha Bi Kijakazi, miaka ile alipokuwaga jirani yetu mjini Musoma. Baba yake alihamia huku kutoka Tanga na cherehani yake, mama yake akaja na mkate wa kumimina. Ni mkate wa mchele: unaloweka mchele usiku, asubuhi unausaga, unaumua na hamira na sukari, unamimina kwenye sufuria, moto chini na makaa juu ya mfuniko. Kwao ulipikwa kwa tui. Huku nazi ni ya kutafuta, kwa hiyo yeye alitumiaga maziwa na samli. Nilishinda jikoni kwake miaka miwili, na hakuwahi kuniomba chochote.

Miaka sita iliyopita nikapeleka keki kwenye harusi Bunda, binti wa mwalimu Baltazari alikuwa anaolewa. Bi Kijakazi naye alialikwa, akaja na mikate yake miwili kwenye sinia. Wakwe wakaniuliza, binti, ufundi huu umeupata wapi? Nikajibu, "Chuoni, Mwanza." Mwanza kwenyewe nilishawahi kwenda mara moja tu, kumuuguza shangazi. Kugeuka, Bi Kijakazi huyo hapo nyuma yangu na sinia lake. Akaniangalia. Akasema, "Haya, mwanangu," akaenda kuweka mikate yake mezani.

Tangu siku ile sikukanyaga kwake. Aibu yangu nikaigeuza kisirani, nikawa nawaambia watu eti yeye ndiye kaninunia.

Sasa ananiulizia, na anaumwa. Nilitaka anisamehe, tena atamke kwa mdomo wake, nisikie. Na kwetu huendi kumwomba mtu mzima msamaha mikono mitupu. Nikaamua nitampelekea mkate wa kumimina niliopika mwenyewe, aonje ajue sikumsahau.

Mume wangu Masatu, fundi baiskeli, akauliza, "Si uende tu kesho? Butiama ni hapo."

"Niende na nini?"

"Nenda na wewe mwenyewe."

Nikamwambia akaangalie baiskeli zake.

Mkate wa Jumatatu ulikaa chini kama chapati. Vipimo vyote vilikuwa vimenitoka. Miaka yote hii nilikuwa napima unga wa ngano tu. Jumanne nikaingiza mwingine kwenye oveni, ukaungua juu, ndani uji. Masatu akaugonga kwa kijiko, akaniuliza kama huu ni wa kula au wa kujengea. Nikacheka, halafu nikakasirika, nikamnyima chai. Jumatano nikaukimbia kabisa huo mkate, nikajaribu kaimati na visheti, maana hivyo navyo alinifundisha na nilidhani vitanihurumia. Wapi! Kaimati zilikunywa mafuta mpaka zikalegea, na visheti vilitoka vigumu, hata kuku wa jirani walivizunguka tu wakaviacha. Jioni Tausi akapiga kuuliza nimefikia wapi. Nikamwambia nina oda ya watu, namalizia, nakuja. Uongo mwingine huo, na anayeumizwa ni yuleyule mama yake.

Jioni hiyo Masatu alirudi na samli ya ng'ombe kutoka Nyamuswa, alikokuwa ameenda kufuata vipuri. Sikuwa nimemtuma. Nikaloweka mchele, na Alhamisi oveni nikaachana nayo, nikawasha jiko la mkaa uani kama Bi Kijakazi alivyofanyaga, nikapanga makaa juu ya mfuniko. Saa kumi nikafunua. Ulikuwa umeumuka. Nilipokata pembeni, ndani ulikuwa na vitundu vidogovidogo, na ile harufu ya hiliki na samli ikanikalisha chini. Nililia pale pale uani, wala sikujificha. Masatu akala kile kipande, akaomba kingine.

"Basi," akasema, "kesho asubuhi panda gari."

Nikautazama tena. Upande mmoja makaa yalikuwa yamezidi, yameacha doa jeusi la ukubwa wa kiganja. Mimi nimezoea keki za kupigwa picha. Nikasema huu sio wa kumpelekea, nitapika mwingine kesho, Jumamosi naenda. Masatu akaguna tu, akaingia ndani.

Wa Ijumaa ulitoka mzuri, rangi moja kote. Simu iliita mara mbili mikono yangu ikiwa imejaa mchele uliosagwa, nikaiacha iite. Nilipompigia Tausi baadaye akaniambia mama ameanguka asubuhi, ni kiharusi, wamemlaza hospitali. Yuko hai ila hasemi.

Jumamosi nilimkuta amelala kwa ubavu, mdomo umevutwa upande mmoja. Nilibeba mkate kwenye boksi la keki, na utepe juu. Muuguzi akasema hawezi kumeza, asipewe kitu. Basi nikakata kipande, nikamsogezea puani. Akafumbua macho.

"Mama, ni Wankyo," nikamwambia. "Siku ile Bunda nilisema uongo. Wewe ndiye ulinifundisha. Nisamehe."

Akanishika kidole kwa mkono uliokuwa mzima. Akajitahidi kusema, mara mbili, tatu, jasho likamtoka. Ilitoka sauti tu. Niliinama mpaka sikio langu likagusa mdomo wake, sikupata neno.

Jioni Tausi aliniomba nikamsaidie kupika chakula nyumbani kwake. Jikoni nikatafuta bakuli, nikakuta moja limefunikwa na sahani. Kufunua, ni mchele umelowekwa, maji yameshaanza kuchacha. Pembeni yake kuna hiliki ndani ya kikaratasi na chupa ya samli.

"Dada, huu ni wa nini?"

Tausi alikaa kwanza kwenye kigoda. "Ni wako. Jumapili nilipomaliza kukupigia, mama akasema loweka mchele, Wankyo anakuja, yule vipimo atakuwa ameshasahau, nataka nimwoneshe tena. Jumatatu hukuja, tukawamwagia kuku. Usiku akasema loweka mwingine. Ikawa hivyo kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, mwache aje kwa miguu yake." Akaufunika tena kwa sahani. "Huu ni wa Alhamisi usiku, aliuloweka kwa mkono wake, wa kukupikia Ijumaa. Nimeshindwa kuumwaga."

Alhamisi usiku mkate wangu ulikuwa mezani, umeiva, una doa tu.