Kilichopimwa Bondeni kwa Delphia

Tangu mumewe afariki, Delphia Stacy hakumwamini mtu yeyote aliyemsifia shamba lake. Lilikuwa bonde jembamba katika milima ya Kentucky: mahindi kidogo chini, mawe na miti juu. La kusifiwa lilikuwa lipi? Ndiyo maana shemeji yake, Orbie, alipoanza kusema bonde lile ni zuri ajabu, alishtuka.

"Tumlete mtaalamu apime makaa ya mawe, shemeji. Bei imepanda. Usije ukalala njaa juu ya utajiri."

"Na wewe unapata nini?"

"Loo! Kumsaidia mke wa marehemu kaka yangu nako kosa?"

Akasema gharama zote juu yake. Hapo ndipo wasiwasi wa Delphia ulipozidi, maana Orbie alikuwa mtu wa kuomba tumbaku hata mlangoni mwa kanisa.

Mtaalamu, Lowell Gentry, alikuja na mashine ya kuchoronga na vibarua wawili. Delphia alipindua ndoo akaikalia palepale, akakodolea macho kila kipande cha mwamba kilichotolewa. Kijivu, kijivu, kijivu tena, kisha weusi mwembamba usiozidi upana wa kiganja. Kila shimo hivyohivyo. Lakini aligundua jambo: kila mapumziko, Gentry alipanda mgongo wa mlima, akatazama ng'ambo, akashuka.

Kazi ilipokwisha Delphia akawapakulia wao na Orbie maharage na mkate wa mahindi. Haukuwa ukarimu, alijua tonge hulegeza ulimi.

"Hakuna kitu, mama," Gentry alisema. "Tabaka ni jembamba, tena limekatikakatika. Kulichimba ni hasara."

Orbie akatikisa kichwa kama yuko matangani. "Pole, shemeji. Basi niuzie mimi, nifugie ng'ombe. Wewe nenda mjini kwa binti yako, upumzike."

Ng'ombe! Kwenye mteremko ule ingebidi ng'ombe afungwe kamba asibingirike. Delphia akawaza: hawa wawili lao moja. Lakini weusi ule aliuona kwa macho yake, na ulikuwa mwembamba kweli. Basi uongo ulikuwa wapi?

Akamngoja Gentry afunge vyombo vyake, akamsogelea.

"Kule juu ulikuwa unatazama nini?"

"Mimi niliagizwa nipime makaa yako tu, mama."

"Sikukuuliza ulichoagizwa. Umekula kwangu, bwana."

Gentry akamtupia Orbie jicho, akashusha sauti. "Nyuma ya mlima kuna tabaka nene, kimo cha mtu mzima. Kampuni ya makaa imeshanunua. Ila upande wao ni majabali matupu. Malori hayana pa kupita kwenda relini isipokuwa hapa kwako."

Delphia akatembea mpaka kwenye pikapu alipoegemea shemeji yake.

"Orbie, hao ng'ombe wako wana magurudumu?"

Uso wa Orbie ukaiva. "Kampuni ingekupunja wewe, mjane. Mimi wangeniogopa. Fungu lako ningekupa."

"Lini?"

Orbie alifungua mlango wa gari, akaondoka bila kuaga.

Delphia hakuuza. Alitafuta wakili wa wilaya nyingine, asiyejuana na mtu yeyote wa ukoo wa Stacy, na hata huyo alimfanya amsomee mkataba mara mbili. Kampuni ikakodi njia, ardhi ikabaki yake. Tangu masika malori yakawa yanapita, yakimwaga vumbi jeusi kwenye nguo alizoanika.

Orbie hakukanyaga tena pale. Walikutana siku ya kusafisha makaburi, ambayo ukoo mzima hula pamoja palepale, kila mmoja upande wake wa kaburi la yule yule mtu. Delphia alikumbuka kwamba ni Orbie aliyelichimba, peke yake, kwenye theluji, akilia. Akajaza sahani chakula, akampelekea.

Orbie aliinusa kwanza, ndipo akala.