Fasaha Nyuma ya Pazia

Nimechoka kusifiwa ufasaha. Tangu nirudi na diploma ya ualimu mwaka wa sitini na nne, hakuna shughuli Mji wa Kale nisiyoitwa niiandikie risala. "Mwiteni Mwanaesha, ulimi wake fasaha." Ami Taib, aliyetulea baada ya baba kufa, ndiye anayenisifu zaidi. Lakini kwake fasaha ni maneno kujipanga na kunukia. Yakisema kitu, bahati.

Alhamisi ile ilikuwa nikaha ya mdogo wangu, Mwanakuu. Mume, Muhdhar, mwenye duka Makupa, hakuwa na ubaya wowote ila Mwanakuu hakumtaka. Aliniambia mimi tu, kajifunika shuka gubigubi, na akanikataza kusema. "Nitasema mwenyewe wakiniuliza."

Basi wakaja kumuuliza. Kwetu, kabla ya nikaha kusomwa, mlezi huja na mashahidi wawili, wakasimama nje ya pazia, na bibi harusi akaulizwa kama ameridhia. Mwanamwali akinyamaza huhesabiwa amekubali, haya tu zimemzuia.

"Mwanakuu binti Faraj," ami akasema, "umeridhia nikuoze kwa Muhdhar?"

Kimya. Nilikuwa nimeketi naye kitandani. Midomo ilimcheza, sauti haitoki.

"Ameridhia," shahidi mmoja akasema.

Shangazi Mwanabaraka akavuta pumzi apige kigelegele.

"Ngoja, shangazi! Ami, hajajibu."

"Kimya ni jibu, Mwanaesha. Wajua."

"Kimya cha haya nakijua. Huyu anatetemeka kwa hofu."

"Nani hatetemeki?" shangazi akaninong'oneza. "Mimi nilitetemeka mpaka leso ikanivuka. Nyamaza, wee!"

"Muulize tena, ami, na safari hii umngoje."

Ami akahema kwa hasira. Akauliza tena, mbiombio. Akalazimika kungoja.

"Sitaki, ami," Mwanakuu akasema. "Sitaki."

Hakuna aliyeweza kujifanya hakusikia. Wageni wakaondoka mmoja mmoja, na pilau tukaigawa kwa majirani, ambao waliipokea kwa macho makubwa kuliko sahani zao.

Baada ya magharibi ami akaniita sebuleni.

"Umeniaibisha mbele ya watu. Hiyo ndiyo fasaha uliyoisomea?"

"Hiyo hiyo. Wewe ndiye uliyenifundisha Kiarabu, ami. Asili ya neno fasaha ni nini?"

"Usinifanyie mtihani, mtoto wewe."

"Waarabu walilitumia kwanza kwa maziwa. Yakiondoka povu, yakabaki maziwa matupu, ndipo huitwa fasihi, yaani safi. Haya, neno la Mwanakuu lilikuwa na povu gani?"

"Lilikuwa na fedheha!"

"Fedheha ni kumwoza mtu asiyetaka, kisha tukasema ameona haya."

Akajikuna ndevu. Nikadhani amenielewa. Kumbe alikuwa akitafuta njia.

"Kesho utakwenda kwa mamake Muhdhar, umuombe radhi. Mwambie wewe ndiye uliyemtia mdogo wako maneno kinywani. Wewe kuyapanga hujambo, atakuamini."

"Kisha?"

"Kisha nikaha itasomwa Jumapili, yaishe."

Nyuma ya mlango niliona kivuli cha Mwanakuu kimesimama, kikisikiliza.

"Siendi, ami."

"Mwanaesha!"

"Neno lilikuwa lake, alilisema mwenyewe. Siombi radhi kwa mamake Muhdhar, wala kwako, wala kwa mtu yeyote."