Rehani ya Viatu

Tangu basi litoke stendi, fundi wa nguo hakuwa na mguu wenye uhai. Kichwa cha cherehani, chuma kitupu, kilimkalia mapajani ndani ya begi jeusi, na kila tuta la barabarani lilimsalimia magotini. Kondakta alimbembeleza aliweke begi kwenye buti, akakataa. Kondakta akamwomba angalau aliweke juu ya kichwa, kwenye rafu.

"Juu ya kichwa chako?" fundi akamuuliza.

Abiria wakaangua kicheko, na kesi ikaishia hapo.

Begi hilo hakulitia kufuli. Kufuli la dukani hufunguliwa na msumari wowote, kwa hiyo aliishona zipu kwa uzi mnene, mshono wa mkono wake mwenyewe. Mume alikwisha kuzikwa, chumba cha kupanga alikwisha kukirudisha kwa wenyewe. Sasa alikuwa anahamia kwa mdogo wake wa kike, aliyemtafutia kona ya kushonea barazani. Akifika na cherehani atakuwa fundi. Akifika bila cherehani atakuwa mgeni wa kulishwa, na huyu mama kulishwa hakukujua.

Jirani yake kwenye kiti alikuwa kijana mrefu, mikono imejaa makovu madogo ya moto, macho hayabanduki kwenye begi. Fundi akalikumbatia zaidi.

"Mama, hiyo cherehani?"

"Nani kakwambia?"

"Mimi mchomeleaji. Chuma nakijua hata kikivaa gauni."

Fundi aliuma mdomo asije akacheka.

Basi liliposimama kwa mapumziko, abiria karibu wote waliteremka. Yeye alibaki, kabana magoti. Haja ilikuwa imemshika muda mrefu, na choo kilikuwa kule nyuma ya maduka. Kuingia na mzigo ule kwenye kijichumba chenye sakafu ya maji, haiwezekani.

"Nenda mama, nitakushikia," kijana akasema.

"Ndivyo wanavyosema wote."

Kijana hakununa. Aliinama, akalegeza kamba, akavua viatu vyote viwili, akamkabidhi.

"Shika rehani. Umeona wapi mwizi anakimbia peku na cherehani?"

"Vinanuka hivi, nani atarudi kuvikomboa?"

"Mimi. Sina vingine."

Fundi akaenda mbiombio, viatu kifuani kama kitoto kichanga. Chooni kulikuwa na foleni. Alipotoka, pale lilipokuwa basi palibaki doa la oili.

Akavitazama viatu. Vikuukuu, kisigino kimoja kimeliwa upande. Cherehani kwa hivi! Akaona baraza la mdogo wake, kona imefagiliwa, tupu.

"Mama! Huku!"

Mchomeleaji alikuwa anakuja katikati ya uwanja wa kokoto, begi begani, anarukaruka kama aliyekanyaga makaa. Jua la mchana lilikuwa limezichoma zile kokoto barabara.

"Limeondoka," akasema, anahema. "Nimepiga kelele kuna mama hajarudi, dereva na muziki wake hanisikii. Nikaona bora niruke na mashine."

"Na mzigo wako?"

"Umekwenda." Akajaribu kucheka. "Si nguo tu? Utanishonea."

Muuza maji aliyekuwa karibu akadakia, "Nyie vipi? Basi liko kule pembeni linajaza mafuta. Linarudi."

Kijana akajishika kichwa kwa aibu. "Kumbe nimeruka bure!"

"Hukuruka bure," fundi akasema.

Alimkalisha kwenye ngazi ya duka. Unyayo wa kushoto ulikuwa umechanwa na kipande cha chupa, na damu imeganda na vumbi. Kijana akauvuta mguu.

"Acha mama, mchafu huo."

"Nyamaza. Nani mama hapa?"

Alinunua maji, akauosha taratibu, akipuliza kila kijana alipokunja uso. Kisha akavua mtandio wake, akauchana kwa meno, akaanza kuufunga ule mguu kwa mikunjo iliyolala sawasawa, kama anayepinda pindo la gauni la harusi.

Basi likarudi, honi juu. Kondakta akaning'inia mlangoni akiita, tunawaacha, tunawaacha! Begi lilikuwa chini nyuma ya mgongo wa fundi, na watu walilipita huku na huku. Hakugeuka hata mara moja.

"Mwambie angoje," alisema. "Sijafunga fundo."