Viatu vya Kukodi

Roswitha alianza kujifunza kuteleza thelujini akiwa na miaka sitini na miwili, majira ya baridi ya kwanza tangu amzike mumewe. Kila asubuhi alikodi viatu na mbao za kutelezea dukani kwa Korbinian, na kila jioni alivirudisha. Siku ya kumi na mbili Korbinian alishindwa kunyamaza.

"Mama Roswitha, kukodi ni kwa wageni wa siku tatu. Wewe mlima uko mlangoni kwako. Nunua vyako."

"Bado najifunza."

"Kuanguka umeshafuzu."

Roswitha alicheka, akaketi kwenye benchi. Korbinian akapiga goti kama kawaida, akamshika kisigino, akakisukuma ndani ya kiatu, akafunga vifungo kimoja kimoja.

"Panabana?"

"Kidogo."

Hapakubana popote, lakini Korbinian alilegeza, akafunga tena.

"Nitakuuzia hivi kwa bei ya kutupa. Utakaa navyo nyumbani, utavaa mwenyewe."

Roswitha alitazama utosi wake ulioinama.

"Na jioni nani ataniuliza nimeanguka mara ngapi?"

Korbinian alifungua kifungo cha mwisho, akakifunga upya, polepole.